Nilivyojifunza Rekoda Nikiwa na Miaka 61

Tangu mwaka 2020, watoto wa kwanza wa mtaala wa umilisi walipoingia Gredi ya 4, rekoda, ile filimbi ya kupulizwa kwa ncha, imefika karibu kila mtaa wa Kenya. Imo kwenye orodha ya mahitaji ya shule pamoja na madaftari na rangi za kuchorea. Wazazi wanalalamikia bei, majirani wanalalamikia kelele, na mtoto akishavuka madarasa hayo filimbi inabaki kwenye droo, katikati ya betri zilizokwisha na funguo zisizojulikana ni za kufuli gani.

Mimi huziwazia sana filimbi hizo za kwenye droo. Nimestaafu uuguzi, naishi Voi, na nimeimba alto katika kwaya ya kanisa tangu usichana wangu. Rekoda nilianza kujifunza nikiwa na miaka 61, kwa filimbi ya mjukuu wangu aliyekuwa Gredi ya 4, na sasa nina zangu mbili. Ninavyoona, chombo hiki tulichowaachia watoto kinadai vitu ambavyo mtu mzima anavyo kwa wingi kuliko mtoto: pumzi iliyotulia, sikio lililokomaa, na subira ya kukaa na noti tano mpaka ziive kabla ya kudai ya sita. Kasi ya vidole ni ya watoto, hilo silibishi. Mjukuu wangu alinipita mapema kwa kasi na bado yuko mbele. Lakini noti ndefu, safi, isiyotetemeka, hiyo ni ya wazee.

Nianze na jinsi sauti inavyotoka, kwa sababu hapo ndipo mtu mzima hupata moyo. Ukichukua chivoti, ile filimbi ya Wadigo inayoshikwa kwa ubavu, midomo yako ndiyo inayofanya kazi yote. Lazima uikaze vizuri na uelekeze uzi mwembamba wa hewa kwenye ukingo wa tundu, la sivyo utasikia upepo mtupu. Nimewaona vijana wenye mapafu mazima wakihangaika nayo mchana kutwa bila kupata hata noti moja. Rekoda imejengewa kazi hiyo ndani. Kwenye kichwa chake kuna kipande kilichochomekwa, kikaacha njia nyembamba ya hewa. Hewa ikipita hapo inakwenda moja kwa moja hadi kwenye ukingo mkali wa kile kidirisha cha juu, inagawanyika, na bomba zima linalia. Ukipuliza tu, noti inatoka. Mtoto wa miaka tisa anaipata, na ajuza wa miaka tisini ataipata.

Kazi inaanza baada ya hapo, katika kuilinda noti hiyo isiharibike. Ukiongeza nguvu, sauti inapanda na kutoka kwenye wimbo, na ukizidisha inarukia juu na kupiga yowe. Mwimbaji wa kwaya anakutana na jambo hili mapema kuliko wengine, maana amefundishwa maisha yake yote kujaza tumbo na kusukuma sauti ifike viti vya nyuma. Jioni ile ya kwanza barazani mjukuu wangu alinitazama kwa mshangao.

“Bibi, si hivyo. Mwalimu alisema uipumulie, usiipigie kelele.”

Akaichukua, akaifuta kwa leso, akanionyesha noti ndefu ya G, mabega yameshuka, mashavu hayajavimba hata kidogo. Pumzi inayotakiwa ni ile ya kupoza uji kwenye kijiko bila kuumwaga. Nilipoipata, nilishangaa jinsi ilivyo ndogo, na jinsi mwili unavyopaswa kutulia ili kuitoa kwa kipimo kilekile kutoka mwanzo wa noti hadi mwisho. Zoezi lililonisaidia kuliko yote ni hilo tu: noti moja, kwa kawaida G, polepole hadi pumzi inakaribia kwisha, huku nikisikiliza kama imepanda au imeshuka. Noti ikipanda, umesukuma. Ikishuka mwishoni, umeilegeza mapema. Mtoto huchoshwa na zoezi hilo upesi. Mimi naweza kukaa nalo jioni nzima kwa furaha.

Kila noti huanzishwa na ulimi: unasema “tu” kimyakimya, ncha ya ulimi ikigusa nyuma ya meno ya juu na kuachia. Kwa noti za chini “tu” huwa kali mno, kwa hiyo unailainisha iwe “du”. Bila ulimi, noti zinabebana na wimbo unakuwa kama mtu anayenung'unika. Wanakwaya wana faida hapa, kwa kuwa tumezoea kutamka maneno ya wimbo kwa pamoja na kwa wakati. Mimi hutamka maneno ya wimbo akilini huku ulimi ukipiga “tu” palepale silabi inapoanguka, na mdundo unakaa wenyewe.

Huko kukataa kupulizwa kwa nguvu ndiko kulikoiondoa rekoda majukwaani huko Ulaya. Watunzi Bach, Handel, Telemann na Vivaldi wote waliiandikia muziki. Halafu, kuanzia katikati ya karne ya 18, kumbi na okestra zilizidi kuwa kubwa, na filimbi ya ubavu, inayoweza kupaza na kunong'ona kwa amri ya midomo, ikachukua nafasi yake. Rekoda ikanyamaza kwa zaidi ya miaka mia moja. Aliyefanya kazi kubwa ya kuirudisha ni Arnold Dolmetsch, mzaliwa wa Ufaransa aliyehamia Uingereza. Alikuwa na rekoda ya kale, kazi ya fundi mashuhuri Bressan. Mwaka 1919 mkoba uliokuwa na filimbi hiyo ulipotea katika stesheni ya Waterloo mjini London, naye akaamua kuunda yake mwenyewe. Dolmetsch alizaliwa Februari 1858. Piga hesabu: alikuwa na miaka 61. Niliposoma habari hiyo nilimpigia simu dada yangu Mwatate kumwambia, ingawa hajui rekoda ni nini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia plastiki ilishusha bei, shule zikaikubali, na hivyo ndivyo ilivyokuja kuwa chombo cha watoto. Kwa karne nyingi kabla ya hapo, watu wazima walikuwa wakiipiga kwa dhati. Samuel Pepys, mtumishi wa serikali kama nilivyokuwa mimi, alinunua yake London mwaka 1668 ili ajifunze. Alikuwa na miaka 35, ana kazi nzito katika ofisi za jeshi la majini, na aliandika katika shajara yake kwamba hakuna sauti duniani iliyompendeza kuliko hiyo.

Sasa nije kwenye vidole. Mkono wa kushoto unakaa juu, wa kulia chini, hata kama unaandika kwa kushoto. Kitabu cha shule kinaanza na noti tatu. B ni gumba la kushoto kwenye tundu la nyuma na kidole cha shahada kwenye tundu la kwanza la mbele. Ukiongeza kidole cha kati unapata A. Ukiongeza cha pete unapata G. Mjukuu wangu alizikariri kwa herufi, B A G, akisoma kwenye mistari mitano. Mimi mistari hiyo ilikuwa inanichosha macho hata nikivaa miwani. Nimelelewa na solfa, yaani kusoma wimbo kwa do, re, mi, na kwa mtu wa solfa do haina makazi, inahama kila wimbo unapohamia. Kwa hiyo niliiweka do kwenye G, na ghafla zile noti tatu zikawa mi, re, do. Mambo yakafunguka. Kuna mapambio mengi tunayoimba ambayo hayatoki nje ya do, re, mi, fa na so, na zote tano ziko kwenye mkono wa kushoto peke yake. Fa, yaani C ya juu, ni gumba na kidole cha kati. So, yaani D ya juu, ni kidole cha kati tu, gumba likiwa limeachia. Hapo filimbi inabaki imeshikwa na midomo, gumba la kulia linaloishikilia kwa chini, na kidole kimoja, nayo huyumba kwa wiki kadhaa mpaka mkono uzoee.

Nilichukua kalenda ya mwaka uliopita, nikageuza karatasi, nikaandika solfa upande mweupe kwa kalamu ya wino mzito, herufi kubwa kiasi cha kuonekana kutoka kwenye kiti. Chini ya kila herufi nikachora vidoti vya matundu, vyeusi kwa lililozibwa, vyeupe kwa lililo wazi. Karatasi hizo ziko ukutani hadi leo. Wanakwaya wenzangu wakija nyumbani wanazisoma bila kuambiwa zinahusu nini, wanaanza kuimba.

Hatua iliyofuata ndiyo ninayoipenda kumweleza kila anayeniuliza. Shuka chini ya do kwa noti mbili: E, ambayo ni la ya chini, na D, ambayo ni so ya chini. Kwa E unaziba yote ya kushoto na kuongeza kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia. Kwa D unaongeza cha pete. Sasa una so, la, do, re, mi, kisha so tena ya juu. Hizo ni sauti tano, na nyimbo nyingi za asili ninazozijua, za kubembeleza watoto na za kucheza mwezini, zinatosheka nazo kabisa. Fa na ti hazimo. Niliupiga wimbo ambao marehemu mama yangu alikuwa akituimbia tukiwa tumelala, wimbo ambao sikuwahi kuuona umeandikwa popote, na ulikaa juu ya matundu hayo bila kubaki hata noti moja nje. Nilimpigia mjukuu wangu, naye akauliza uko ukurasa gani.

Na kuna faida nyingine katika kuanza hivyo. Rekoda ziko za mipangilio miwili ya vidole, ya Kijerumani na ya Baroko, na tofauti yake inajitokeza kwenye F. Mpangilio wa Kijerumani ulitokana na fundi wa Ujerumani, Peter Harlan, katika miaka ya 1920, kwa nia ya kumrahisishia anayeanza: F inapigwa kwa kuinua vidole kwa utaratibu, bila kuruka. Ile ya Baroko inataka vidole vya F viruke tundu moja katikati. Ukitazama hapo tu utaisifu ya Kijerumani. Lakini F shapu yake, yaani F iliyopandishwa nusu sauti, inalipia urahisi huo, inataka vidole vingi na bado haitulii vizuri kwenye tuni. Na F shapu ndiyo ti ya mtu aliyeweka do kwenye G. Kwa hiyo mtoto anayesoma kwa do ya C anafurahi na ya Kijerumani, na mwanakwaya anayetaka kupiga nyimbo zake kwenye G anakwama palepale kwenye ti. Wimbo wa sauti tano hauigusi F yoyote, kwa hiyo unaweza kujifunza kwa miezi kwa filimbi yoyote iliyopo nyumbani kabla ya kuamua ununue ipi.

Kuzitambua ni rahisi, hata muuzaji asipojua. Hesabu matundu ya mbele kutoka juu, angalia la nne na la tano. La tano likiwa dogo kuliko la nne, mkononi una ya Kijerumani. La nne likiwa dogo kuliko la tano, ni ya Baroko. Katika maduka ya vitabu ninayoingia, nyingi ni za Kijerumani. Mtu mzima anayekusudia kuendelea namshauri atafute ya Baroko, na namshauri pia anunue iliyoungwa kwa vipande vitatu, asichukue ile ya mrija mmoja. Sababu yake ni kidole cha mwisho cha kulia. Kile kipande cha chini kikiwa kinazunguka, unalileta tundu lake hadi pale kidole chako kilipo. Kama hakizunguki, itabidi mkono ujipinde kulifuata tundu, na mkono wa mtu wa miaka sitini haupendi kupindwa. Zile za bei ya chini kabisa mara nyingi sauti yake hailingani kutoka noti moja hadi nyingine, na anayeanza hujilaumu mwenyewe kwa kasoro ya plastiki. Ongeza fedha kidogo ukiweza.

Vidole vyangu asubuhi huamka vigumu, hasa cha kati na cha pete cha mkono wa kulia. Nimeuguza watu wenye baridi yabisi kwa miaka mingi, najua vidole vya namna hiyo havilazimishwi. Kwa hiyo mimi hupiga jioni, vikiwa vimeshafanya kazi ya siku na kulainika, na napiga kwa muda mfupi, robo saa, halafu naweka chini, narudi baadaye nikitaka. Maumivu yakianza, naacha. Kitu kilichonifurahisha ni kugundua kuwa tundu haliombi kukandamizwa. Linaomba kuzibwa tu. Tumia nyama ya kidole, pale panene chini ya ncha, vidole vikiwa vimenyooka kiasi, na ugusaji mwepesi unatosha.

Mjukuu wangu alinifundisha jinsi ya kujikagua. Noti za chini zilikuwa zinanikataa: nashuka vizuri hadi E, nikifika D sauti inakwaruza au inaruka juu. “Bibi, nionyeshe vidole,” akasema. Nikamgeuzia kiganja. Kwenye kila kidole palikuwa na alama ya duara, mchoro wa tundu lililokuwa chini yake. La shahada duara kamili. La kati duara kamili. Kwenye kidole cha pete cha kushoto palikuwa na mwezi mwandamo. “Huyo ndiye anayevujisha,” akasema, kwa sauti ya daktari kabisa. Ni kweli, na huwa hivyo mara nyingi: noti ya chini ikikataa, mhalifu huwa kidole cha juu kilichoteleza kidogo wakati wewe unashughulika na vya chini. Ngozi ya mtu mzima pia huwa kavu, haishiki ukingo wa tundu vizuri kama ya mtoto. Kitambaa chenye unyevu kando yako, ukipangusia vidole kabla ya kuanza, kinasaidia sana.

Kuna kukwaruza kwingine ambako hakuhusiani na vidole. Pumzi ni ya joto na ina mvuke. Ikipita kwenye njia nyembamba yenye baridi, mvuke unageuka matone, na sauti inakuwa kama ya mtu mwenye mafua. Hapa Voi na joto letu sikuwahi kuliona jambo hilo hadi Julai moja nilipomtembelea binti yangu Nairobi. Asubuhi, baridi ile, filimbi ikanyamaza katikati ya wimbo. Dawa yake ni kuipasha moto kabla ya kuanza: shika kichwa cha filimbi kwenye kiganja au kibane kwapani kwa dakika chache. Matone yakishaingia, weka kidole juu ya kidirisha bila kugusa ukingo wake, puliza kwa nguvu mara moja, yatatoka. Ule ukingo usiukwangue kamwe kwa kucha wala kijiti. Sauti yote ya rekoda inatoka hapo.

Kwa usafi, plastiki inaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, inasuuzwa na kuachwa ikauke imetenganishwa vipande. Ya mbao haioshwi hivyo. Na kwa kuwa nimekuwa muuguzi, lazima niseme: kinachoingia mdomoni ni cha mtu mmoja. Tuliposhirikiana filimbi na mjukuu wangu tuliiosha kila ilipobadilisha mikono, na mwezi ulipoisha nikanunua yangu.

Baada ya kuizoea ndogo nilianza kutamani sauti ya chini. Rekoda ya shule ni soprano, na noti yake ya chini kabisa iko karibu na pale sauti ya alto wa kwaya inapoishia kwa juu. Kila wimbo ukiupiga unalia oktavu nzima juu ya sauti za watu. Masikio ya mtoto hayajali. Yangu yalichoka. Kijana wa kwaya yetu aliyekuwa akisafiri Nairobi aliniletea rekoda ya alto, kubwa zaidi, inayoanzia kwenye F. Watu walinionya kwamba itanichanganya, kwa sababu vidole vilevile vinatoa noti nyingine: vinavyotoa G kwenye soprano vinatoa C kwenye alto. Anayesoma kwa herufi hulazimika kujifunza upya. Lakini kwa mtu wa solfa, gumba na vidole vitatu vya kushoto vilikuwa do kwenye soprano, na ni do kwenye alto. Wimbo wote ulihama nami bila kubadilisha kidole hata kimoja. Kwa miaka yote ya kwaya nilisikia walimu wa muziki wakiidharau solfa kuwa ni njia ya watu wasiosoma noti. Siku hiyo nilijua ni mali. Yeyote aliyeimba kwa solfa nusu ya maisha yake amekwisha kujifunza sehemu ngumu ya muziki, amebakiza vidole tu.

Na asiyesoma chochote, si noti wala solfa, asikae nje. Jacob van Eyck wa Utrecht, Uholanzi, alikuwa kipofu tangu kuzaliwa. Kazi yake ilikuwa kengele za makanisa ya mji, lakini mwaka 1649 aliongezewa mshahara kwa sharti kwamba awatumbuize jioni kwa filimbi yake watu wanaotembea katika uwanja wa kanisa. Alichukua nyimbo ambazo kila mtu alizijua na kuzizungushia mapambo, na zilizochapishwa kutokana na kipaji chake bado zinapigwa na kila mwanafunzi mkubwa wa rekoda duniani. Nampenda sana mtu huyu. Alianzia pale wasikilizaji wake walipo, kwenye wimbo walioujua tayari, na ndiyo njia ninayomwelekeza kila mtu mzima: usianze na zoezi la kitabu, anza na wimbo ambao ukikosea noti, sikio lako lenyewe litakurudisha.

Mjukuu wangu sasa anapiga soprano, mimi natembea chini yake kwa alto, sauti ya pili, kama nilivyozoea. Tunafanya hivyo jioni umeme ukikatika na hata usipokatika. Kelele zilizowaudhi majirani ziliisha pale tulipojifunza kupuliza kidogo, kwa sababu rekoda inayopigwa sawasawa haivuki ua.

Jirani mmoja, hata hivyo, amekuwa akisikiliza. Ni mzee wa miaka sabini na kitu, fundi seremala, ambaye msumeno ulimkata kidole cha mwisho cha mkono wa kulia zamani sana. Alinisimamisha njiani, akaanza kwa kuomba radhi, “Mama, mimi najua hili si la kwangu, mkono wenyewe ndio huu.” Nilimwomba anionyeshe. Kidole kimekatika kwenye kiungo cha kwanza, vingine vyote ni vizima na vina nguvu kuliko vyangu. Nilirudi nyumbani nikaketi mbele ya zile karatasi za kalenda, nikapitia noti moja baada ya nyingine kwa kidole hicho nikiwa nimekikunja.

So, la, do, re, mi: hakuna hata moja inayokihitaji. Noti ya D ya chini inaishia kwenye kidole cha pete. Kidole cha mwisho kinadaiwa na C ya chini kabisa, ambayo nyimbo nyingi zinaweza kuikwepa, na kinadaiwa na F ya Baroko na F shapu ya Kijerumani. Ile ya Kijerumani, F yake inapigwa kwa gumba, vidole vitatu vya kushoto na shahada ya kulia, basi. Kwa hiyo kwake yeye, anayeanza na nyimbo za sauti tano zisizo na ti, filimbi ile ile ya bei nafuu ninayowaambia wengine waipite inamfaa. Nilimwambia aulize nyumbani kwake, maana wajukuu wake wamevuka Gredi ya 4 siku nyingi. Akaikuta kwenye kabati la vyombo, ya Kijerumani, vipande vitatu, kichwa kimetafunwatafunwa na meno ya mtoto. Ameiosha. Ameshika B na A, G bado inamvuja kwenye kidole cha pete, na Alhamisi baada ya mazoezi ya kwaya anakuja tuangalie alama za vidole vyake.